Maswali ya Wasomaji: Jua la Februari, Nyuki na Tumbili

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu kutoka nje, na karibu zote zina woga ndani yake. Naelewa. Vuli imekwisha, masika bado, Moshi mjini kunawaka kuanzia asubuhi, na hata Arusha watu wamevua masweta. Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Kibosho, nafuga nyuki kwenye kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, na wajukuu wakija likizo hawakai ndani hata nikiwafungia. Sitaki wakae. Nataka mtoto wa Pasua aoge maporomoko na mtoto wa Njiro amwone mbega akiwa juu ya mti badala ya kwenye simu. Ninachoomba ni kwamba mtu akitoka awe anajua saa ya kutoka na tabia za viumbe atakaowakuta. Nyuki, tumbili na nyoka wana sababu zao za kufanya wanayofanya, na sababu hizo zinajulikana.

Shikamoo Mama. Mwezi uliopita sisi vijana wa kwaya tulikwenda Materuni kuona maporomoko. Tulipokaa kula, mwenzetu mmoja alimpiga nyuki aliyekuwa kwenye soda yake, akaumwa shingoni. Mara wakaja wengine wengi, tukakimbia kila mtu na njia yake. Walioumwa walipaka dawa ya meno. Dada mmoja alivimba midomo na akaanza kupumua kwa shida, tukamkimbiza hospitali, sasa ni mzima. Wazee wa kanisa wamesema safari basi. Je, wana haki? – Mwanakwaya, Pasua

Marahaba mwanangu. Poleni sana, na mshukuruni aliyeamua kumkimbiza dada yenu hospitali badala ya kusubiri aone kama uvimbe utashuka. Huyo aliokoa maisha.

Wazee wana haki ya kuogopa. Lakini mkiacha kutembea hamtajifunza kitu, na nyuki mtawakuta hata uani kwenu. Kwa hiyo jibu langu litakuwa refu, lisomeni pamoja nao.

Nyuki aliye mbali na mzinga wake hana ugomvi na mtu. Wakati wa kiangazi anatafuta maji na sukari, ndiyo maana anakuja kwenye soda, kwenye ganda la embe, kwenye bomba linalovuja, hata kwenye shati lililolowa jasho. Ukimwacha atakunywa aende. Anauma akibanwa: kwapani, katikati ya vidole, kwenye ukosi, au mdomoni mwako ukinywa chupa aliyoingia bila wewe kuona. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, maana koo likivimba kwa ndani njia ya hewa inaziba. Kwa hiyo mkiwa nje msinywe soda kwenye chupa wala kopo lililokaa wazi. Mimina kwenye kikombe cheupe uone unachokunywa, na ukiweka chini, funika.

Mimi wajukuu wakila nje naweka sahani ya maji yenye mawe madogo hatua kadhaa pembeni, chini ya mgomba. Mawe ni ya nyuki kusimamia wasizame. Wakishaizoea ile sahani, meza yetu hawaifuati tena kwa wingi.

Sasa kwa nini walikuja wengine? Nyuki akiuma, mwiba wake una vijino kama vya ndoano, unabaki kwenye ngozi pamoja na kifuko cha sumu. Hapo panatoka harufu inayowaita wenzake: adui yuko hapa. Harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu. Nikifungua mzinga nikaisikia, nafunika taratibu, naondoka, kazi nitairudia kesho. Na kama nimetoka kumenya ndizi mbivu jikoni, nanawa kwanza ndipo niende mizingani. Mwenzenu alipompiga yule nyuki na kuumwa, alibeba harufu ile shingoni. Ikiwa kulikuwa na mzinga karibu, na kule Uru, Materuni iliko, watu hutundika mizinga kwenye miti ya vihamba, wito ulifika.

Nyuki wetu wa Afrika hawana subira wakilinda nyumba yao, na wanaweza kumfukuza mtu mita mia kadhaa. Wakija kwa wingi kimbia moja kwa moja, usizungukezunguke, usipunge mikono. Vuta shati au khanga ufunike uso, maana wanalenga macho, pua na mdomo, na wanapenda kung'ang'ania nywele. Ingia ndani ya nyumba au gari ufunge. Wachache wataingia na wewe. Hao ni afadhali kuliko kundi lililobaki nje. Usijitupe kwenye maji, watakusubiri juu hadi utoe kichwa. Na kiongozi wa safari akimbie na wadogo, asibaki akipiga kelele.

Mkishafika salama, toeni miiba haraka. Kifuko kile kinaendelea kusukuma sumu, na sehemu kubwa inaingia mwanzoni kabisa. Watu hubishana kama ukwangue kwa kucha au uvute kwa vidole. Toa kwa njia yoyote iliyo karibu, usipoteze muda kutafuta wembe. Kisha osha kwa sabuni na maji, weka kitambaa chenye maji baridi. Dawa ya meno, mafuta ya taa, kitunguu, hivyo viacheni. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi ya mtoto.

Uvimbe na maumivu pale palipoumwa ni jambo la kawaida, hata mkono mzima ukivimba kwa siku mbili. Hatari ni dalili zinazotokea mbali na pale alipoumwa: vipele vya kuwasha mwili mzima, midomo au ulimi kuvimba, sauti kukwama, kifua kubana, kutapika, kizunguzungu, kuzimia. Huo ni mzio mkali na unaweza kuua ndani ya muda mfupi. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, inayochomwa pajani. Vidonge vya mzio kama setirizini vinapunguza kuwasha tu, havifungui koo lililoziba. Mgonjwa alale chali, miguu iinuliwe. Kama hawezi kupumua akiwa amelala, mwacheni akae, lakini asitembezwe. Gari litafutwe wakati huohuo.

Dada yenu huyo sasa ni mtu wa kuangaliwa. Mara ijayo mwili wake unaweza kujibu vibaya zaidi, kwa hiyo aende kwa daktari, hospitali ya KCMC au kwingine, aulize kama anafaa kutembea na sindano ya adrenalini na afundishwe kuitumia. Wenzake wawili watatu wafundishwe pia. Na yeyote aliyeumwa na nyuki wengi mno, hata kama hana mzio, apelekwe hospitali, kwa sababu sumu ikizidi inaumiza figo. Kwa mtoto mdogo usingoje idadi iwe kubwa.

Kabla ya safari nyingine ulizeni wenyeji mizinga iko wapi, kaeni kula mbali nayo, na siku hiyo acheni marashi. Vaeni nguo za rangi iliyofifia, nyeusi huwachokoza. Nendeni mapema, mrudi kabla jua halijapanda. Waambieni wazee kwamba mkienda hivyo, nami nitapanda nanyi hadi yanapoanzia maporomoko, miguu ikiniruhusu.

Dada, nina watoto watatu, mdogo ana miaka minne. Wifi yangu anataka twende chemchemi ya Chemka Jumapili. Nasikia tumbili wa kule wananyang'anya chakula, na huku nahofia joto la njiani. Nichukue nini? – Mama wa Njiro

Nendeni. Maji ya pale ni ya kijani na safi hadi unaona mizizi ya mikuyu chini, na visamaki vinavyodonoa miguu vitawachekesha watoto siku nzima. Ondokeni Njiro alfajiri. Joto halitawapata kwenye chemchemi, kuna kivuli; litawapata kwenye barabara ya vumbi kutoka Boma Ng'ombe, pale pasipo na mti, mkipita saa saba mchana vioo vikiwa vimefungwa kwa ajili ya vumbi. Mtoto asiachwe ndani ya gari lililosimama hata kwa dakika chache mnazoshusha mizigo. Gari lililofungwa juani linapata moto haraka kuliko watu wanavyodhani, na mwili wa mtoto unapanda joto haraka kuliko wetu.

Chukua maji mengi kuliko unavyofikiri, matango na machungwa. Ukiona mtoto amekuwa mnyonge, midomo imekauka, hajakojoa muda mrefu, mpe maji ya chumvi na sukari. Kama huna pakiti ya duka la dawa, tengeneza: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko vya kusawazisha, visiwe vya kujaza kilima, kwa sababu chumvi ikizidi inadhuru. Mpe kidogokidogo.

Tumbili anajua mkoba una nini kuliko unavyodhani. Amejifunza kwa wageni waliompa ndizi wapige picha, na mtindo huo unanikera, maana akishazoea mkono wa mtu hukosa woga, mwishowe humrukia mtoto aliyeshika andazi. Chakula kikae kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana au kibaki garini, kitolewe cha kula tu, mabaki yafungwe mrudi nayo nyumbani. Watoto wale wakiwa wameketi katikati ya wakubwa. Tumbili akinyakua kitu, mwachie. Kuvutana naye ndiko kunakoleta meno. Msimkazie macho na msimchekee kwa kuonyesha meno. Kwake huo ni ugomvi.

Akimng'ata au kumkwaruza mtoto, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Msingoje kuona kama tumbili ataugua. Ugonjwa ule ukishaanza kuonyesha dalili hauna tiba.

Jambo ambalo hukuuliza ndilo linaloniogopesha zaidi. Maji ya Chemka yanaonekana ya kina kifupi kwa sababu ni maangavu. Kuna sehemu yanampita mtu mzima. Mdogo wa miaka minne awe na mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo tu, mkono umfikie, na mtu huyo asishike simu. Na mkitoka hapo mtu akiwaambia mpitie bwawa la Nyumba ya Mungu mkaogelee pia, kataeni: kule kuna mamba na viboko.

Mama Muuguzi, shikamoo. Binti yangu ana ualbino, ana miaka tisa. Shule inakwenda Hifadhi ya Arusha kuona twiga na ziwa Momela. Mwalimu anasema bora abaki. Analia kila siku. – Baba wa Himo

Marahaba. Aende, baba. Na barua hii umwonyeshe mwalimu.

Sisi tuko nyuzi tatu na ushei tu kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi jua linapita karibu kabisa juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo miezi hii ni mikali. Tena hifadhini mko juu kuliko Moshi, kuna upepo wa Meru, mtoto hatahisi joto. Hapo ndipo watu wanadanganyika. Kinachounguza ngozi ni mionzi, na mionzi huongezeka kadiri unavyopanda, hata pakiwa baridi na mawingu.

Avae shati la mikono mirefu lililofumwa kwa kubana. Liinue kwenye mwanga. Ukiona mkono wako upande wa pili, tafuta lingine. Sketi ndefu au suruali, soksi, kofia yenye ukingo mpana pande zote inayofunika masikio na shingo, maana kapelo inaacha masikio yote nje. Miwani ya jua. Mafuta ya kuzuia jua apakwe nusu saa kabla ya kutoka, kisha kila baada ya saa mbili, yasisahaulike masikio, shingo kwa nyuma, juu ya mikono na midomo. Hapa Moshi hutengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino hasa. Kama hajaandikishwa kliniki ya ngozi, mpeleke mwezi huu, wamwangalie ngozi na kumfundisha kujipaka mwenyewe. Kidonda chochote kwenye ngozi yake kisichopona kwa wiki chache kionwe na daktari, kisipakwe mafuta ya mgando nyumbani.

Kwenye basi akae upande wa kivuli, na karibu na dirisha la mbele ili aone, kwa sababu huenda asimwone vizuri twiga aliye mbali. Kama mna darubini ya kuazima, mwazimieni. Hakuna simba kwenye hifadhi ile, lakini nyati wapo wengi, kwa hiyo atembee pale tu askari mwenye bunduki anapowatembeza, sawa na wenzake wote.

Mimi ni mzee wa Majengo, nina presha. Mchana nyumba ya bati haikaliki, nakaa nje chini ya mwembe na wenzangu tunakunywa mbege. Binti yangu anasema nitakufa na jua. – Babu wa Majengo

Shikamoo mzee wangu. Kukaa chini ya mwembe ni sahihi, chumba cha bati saa nane mchana ni tanuri. Mbege ndiyo itusumbue. Pombe inakutoa maji mwilini kupitia mkojo, na mtu aliyekunywa hahisi kiu yake vizuri. Kunywa maji kwanza mchana kutwa, mbege iwe jioni jua likishuka, tena kidogo. Uzee nao unapunguza kiu, kwa hiyo usingoje usikie. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, umechelewa. Ikiwa kati ya dawa zako za presha kuna ile inayokukojoza sana, mwulize daktari wako kuhusu msimu huu wa joto. Usiiache kwa uamuzi wako. Na kama amekuwekea kiasi cha maji kwa sababu ya moyo au figo, fuata chake.

Lowesha kitambaa uweke shingoni, miguu itie kwenye beseni. Mwambie na binti yako dalili hizi: mzee akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, akayumba, ngozi ikawa ya moto sana, huo si uchovu. Akuweke kivulini, akupunguze nguo, akumwagie maji mwili mzima na kukupepea bila kuacha, huku usafiri wa hospitali ukitafutwa. Asikunyweshe kitu ukiwa hujitambui vizuri.

Mama, hapa Usa River nyigu wamejenga chini ya paa la baraza, na juzi karibu na banda la kuku tulimwona swila. Mume wangu anataka kuchoma moto vyote. – Mama Kuku

Moto karibu na paa, hapana. Nyigu, tofauti na nyuki, haachi mwiba, kwa hiyo mmoja anauma mara nyingi. Kama kiota kiko juu, mbali na mlango, mnaweza kuishi nacho. Wanakula viwavi wa bustani yako. Kikiwa juu ya mlango wanapopita watoto, kiondolewe usiku wakiwa wametulia, na mtu mwenye nguo nzito na uzoefu.

Swila amefuata panya, vyura na mayai. Punguza pumba zinazomwagika bandani, okota mayai jioni, ondoa rundo la matofali na kuni lililoegemea ukuta, fyeka majani. Usiku hakuna kutoka bila tochi na viatu vya kufunika. Viatu vilivyolala nje vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, kwa ajili ya nge. Aliyetemewa sumu machoni aoshwe kwa maji mengi safi mfululizo kwa robo saa au zaidi, kisha hospitali. Maziwa hayahitajiki, na asisugue.

Njiani shambani mnaweza kumkuta pia kifutu, mnene, amelala tuli kama hana habari na mtu. Huyu hakimbii, ndiyo maana anakanyagwa. Aliyeumwa na nyoka yeyote atulie, kiungo kisichezeshwe, pete na viatu vivuliwe kabla ya uvimbe. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza, na jiwe jeusi la kunyonya sumu lisiwapotezee dakika hata moja ya kumfikisha hospitali. Wodini niliona miguu mingi zaidi iliyoharibiwa na kamba kuliko ilivyoharibiwa na sumu.

Tunakwenda Tarangire na ofisi, tumeshonewa fulana za bluu iliyokolea. Kuna shida? – Karani, Arusha

Ipo. Mbung'o wanavutwa na bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo. Fulana zivaliwe hotelini jioni kwa ajili ya picha. Porini vaeni kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu, kitambaa kizito, kwa kuwa mbung'o anachoma kupitia kitambaa chepesi. Wanauma mchana na hufuata gari linalotembea, kwa hiyo mkipita kwenye vichaka fungeni vioo. Dawa ya kupaka ya mbu inawasaidia kidogo tu dhidi yao, lakini mbebe, mtaihitaji kwa mbu usiku. Baada ya safari, mtu akipata kidonda pale alipoumwa, au homa wiki chache baadaye, amwambie daktari kwamba alikwenda Tarangire na mbung'o walimwuma. Asiseme ni malaria tu akanunua dawa dukani. Apimwe malaria na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, vyote viwili.